Kabla Hujalipia Kipimo cha Kiinitete

Ukiingia kliniki ya uzazi Nairobi siku hizi, hukai sana kabla hujaulizwa kama ungependa viinitete vyako, yaani mayai yaliyorutubishwa maabara na kuanza kukua, vipimwe. Swali huulizwa kwa upole, mara nyingi siku ambayo kichwa kimejaa ratiba za sindano na hesabu za pesa, na jibu linalokuja mdomoni ni ndiyo. Nani asiyetaka kujua? Mimi na mume wangu tumepita njia hiyo. Ninaandika kwa ajili ya dada zangu walio kwenye foleni ile, kwa sababu maelezo niliyoyahitaji niliyapata vipande vipande, mengine baada ya pesa kwisha kutoka.

Niliseme mapema ninaloliamini. Kipimo cha kiinitete huchagua miongoni mwa vile ulivyojaliwa kupata. Hakitengenezi kilichoharibika, na hakikuongezei hata kimoja. Kila unapoombwa pesa kwa ajili ya kipimo chochote cha aina hii, rudi hapo ujiulize: kikija na majibu, kitabadilisha uamuzi gani?

Sisi ni watu wa Mombasa. Shida yetu ya kwanza ilikuwa mbegu chache za mume wangu, jambo aliloniruhusu kuliandika na ninamshukuru, maana wanaume wengi wa kwetu humwacha mke abebe lawama peke yake. Shida ya pili ilikuwa umri wangu, uliokuwa ukisogea huku tukizunguka kwa waganga na kwa madaktari wa kawaida. Tulimwendea sheikh wetu, akatuambia hakuna tatizo maadamu yai ni langu, mbegu ni ya mume wangu na ndoa ipo. Tukauza kiwanja tulichokuwa nacho Mtwapa. Nairobi watoto wa IVF, yaani wa yai kurutubishwa nje ya mwili, wamezaliwa tangu 2006, kwa hiyo huduma ilikuwepo. Kikwazo kilikuwa pesa, kwani bima yetu haikulipa chochote. Mzunguko wa kwanza, yaani safari moja ya sindano, kutolewa mayai na kuwekewa kiinitete, pamoja na dawa, nauli za treni na mengineyo, ulikula kama laki sita. Malazi hatukulipa, tulikuwa kwa wifi yangu South B.

Nilikuwa na miaka 38. Kiinitete nilichowekewa kiliandikwa 4AA, na mtaalamu wa maabara alitabasamu alipokionyesha kwenye skrini. Alama hizo zilianzishwa na David Gardner na mwenzake William Schoolcraft mwaka 1999, na kliniki nyingi duniani huzitumia. Namba, kuanzia 1 hadi 6, inaeleza kiinitete cha siku ya tano kimetanuka kiasi gani. Herufi ya kwanza ni ya kishada cha seli zitakazokuwa mtoto, ya pili ni ya seli za ukingoni zitakazokuwa kondo la nyuma. A ndiyo bora. Kwa hiyo sisi tulipewa kizuri kabisa, na mimba ikashika. Tuliona moyo ukipiga. Kwenye picha ya wiki ya tisa moyo ulikuwa umesimama.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo wanawake wengi hawaambiwi. Mimba ikiharibika baada ya safari ndefu namna hii, uliza kama kilichotoka kinaweza kupelekwa maabara kupimwa kromosomu, zile nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli. Na ukikubali, uliza kinahifadhiwa vipi. Muuguzi alikuwa ameshaandaa chupa yenye fomalini, ndiyo dawa wanayotumia kwa vipimo vya kawaida vya nyama, na fomalini huua seli na kuharibu vinasaba. Daktari aliingia wakati huo huo akaagiza chombo safi chenye maji ya chumvi. Dakika chache tu zingetunyima jibu. Uliza pia kama maabara inahakikisha kwamba kilichopimwa ni cha mtoto, maana seli za mama hujichanganya kwa urahisi, na majibu yakisema "kike, kawaida" huenda yanakusema wewe.

Majibu yetu yalisema kromosomu ya 16 zilikuwa tatu badala ya mbili. Daktari alieleza kwamba hiyo ndiyo kasoro ya aina hiyo inayoonekana zaidi katika mimba zinazotoka, na kwamba karibu nusu ya mimba zinazotoka miezi mitatu ya kwanza huwa na kasoro ya kromosomu ya namna moja au nyingine. Mama mkwe wangu, ambaye ananipenda na wala sisemi haya kwa ubaya, alikuwa ameshaamua kwamba ni ndoo za maji nilizopandisha ghorofani. Nilimwonyesha karatasi. Nikamwambia, "Mama, hazikuwa ndoo. Ilianzia kwenye yai, kabla sijarudi hata nyumbani." Alinyamaza, kisha akanishika mkono. Karatasi ile iliniondolea lawama ambazo hakuna nasaha ingeziondoa, na kwa sababu hiyo peke yake naona pesa yake ilikuwa halali.

Lakini ilituachia swali. Ikiwa kiinitete cha 4AA, kilichomfurahisha hata mtaalamu, kilikuwa na kasoro isiyowezekana kuishi nayo, jicho linaona nini hasa? Linaona mengi, kwani viinitete vyenye alama nzuri hushika zaidi kuliko vyenye alama mbaya, na viashiria vyote vya molekuli nitakavyovitaja bado havijaliondoa jicho kwenye kazi hiyo. Lisichoweza ni kuhesabu kromosomu zilizo ndani.

Kipimo kinachouzwa kwa kazi hiyo huitwa PGT-A. Kabla ya kukieleza, kuna ndugu yake ambaye watu humchanganya naye, PGT-M, ambacho hutafuta ugonjwa mmoja unaojulikana katika familia. Hicho ndicho cha zamani zaidi. Mwaka 1990 Alan Handyside na wenzake, Hospitali ya Hammersmith, London, walitangaza mimba za kwanza zilizotokana na viinitete vilivyopimwa, kwa wazazi waliokuwa hatarini kupata watoto wa kiume wenye magonjwa ya kurithi. Kwetu pwani, ambako selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, iko kwenye koo nyingi, mke na mume wote wakiwa wabebaji, yaani wana jeni yake bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kupata mtoto mgonjwa. PGT-M kwa watu kama hao kinajibu swali halisi. PGT-A hakiioni selimundu kabisa, hata ukilipa mara mbili. Nimekutana na mama aliyeamini kwamba viinitete vyake "vimepimwa kila kitu". Hakuna kipimo cha kila kitu.

Nilikuwa nimefikisha miaka 39 tulipokaa na daktari kupanga mzunguko wa pili. Akataja asilimia ya mimba kwa kiinitete kilichofaulu PGT-A, na ilikuwa kubwa, ikanipendeza. Ni mume wangu, mwalimu wa hesabu, aliyeuliza, "Daktari, hiyo ni asilimia ya nani?"

Ilikuwa ya wanawake waliowekewa kiinitete kilichofaulu. Mwanamke aliyechomwa sindano, akatolewa mayai, akalipia kipimo, halafu akaambiwa viinitete vyake vyote vina kasoro, hayumo. Ukimtoa huyo kwenye hesabu, asilimia ya waliobaki lazima ipande, hata kama kipimo hakijamsaidia mtu yeyote. Nikiombwa nimwachie msomaji jambo moja tu, nitamwachia hili: uliza hesabu inayoanzia siku ya sindano ya kwanza na kuishia kwa mtoto aliyezaliwa hai.

Tafiti zinaonyesha wazi jinsi hesabu hizo mbili zinavyopishana. Kipimo cha mwanzo cha aina hii, kilichochota seli kwenye kiinitete cha siku ya tatu, kilitumika kwa miaka mingi kwa wanawake wenye umri mkubwa kwa imani kwamba lazima kitawasaidia. Mwaka 2007 Sebastiaan Mastenbroek na wenzake wa Uholanzi walichapisha jaribio la wanawake 408 wa miaka 35 hadi 41. Waliopimiwa viinitete walizaa kwa asilimia 24, wasiopimiwa kwa asilimia 35. Kipimo kilikuwa kinawapunguzia bahati. Kiinitete cha siku ya tatu kina seli nane hivi, kuchota moja ni kukidhoofisha, na mbinu ya wakati ule ilihesabu kromosomu chache tu.

Mbinu ya sasa ni bora. Huchotwa seli tano hadi kumi kutoka ukingoni mwa kiinitete cha siku ya tano au ya sita, na kromosomu zote husomwa. Hata hivyo jaribio lililoitwa STAR, lililotolewa 2019 likiwa na wanawake 661 wa miaka 25 hadi 40, lilikuta mimba zilizofika wiki ya 20 ni asilimia 50 kwa waliopima na 46 kwa wasiopima, tofauti ambayo huwezi kuitegemea. Walipowatazama peke yao wenye miaka 35 hadi 40, kipimo kilionekana kuwasaidia kwa kila kiinitete kilichowekwa. Walipowahesabu wote walioingia kwenye jaribio, wakiwemo wale ambao hawakupata cha kuwekewa, faida haikuthibitika. Hilo ndilo swali la mume wangu, limejibiwa na watafiti wenyewe.

Mwaka 2021 jaribio la China la wanawake 1,212 wa miaka 20 hadi 37, wenye viinitete vizuri vitatu au zaidi, lilikuta kwamba ukihesabu wote waliopata mtoto hatimaye, wasiopima walikuwa asilimia 81.8 na waliopima 77.2. Waliopima walipata afueni sehemu moja, mimba zilizotoka zilikuwa asilimia 8.7 dhidi ya 12.6. Mamlaka ya Uingereza inayosimamia kliniki za uzazi, HFEA, imezipa rangi huduma hizi za nyongeza ili wagonjwa waelewe: kwa swali la kuongeza nafasi ya kupata mtoto kwa wagonjwa wengi PGT-A imepewa nyekundu, na kwa swali la kupunguza kuharibika kwa mimba imepewa kijani. Rangi hizo ziko wazi kwenye tovuti yao, na ningependa kila mwanamke azitazame kabla ya kutia saini.

Sasa, kama nayajua hayo, kwa nini tulilipa? Kwa sababu nilikuwa na miaka 39, na kwa umri huo kasoro za kromosomu ni nyingi. Uchambuzi wa sampuli zaidi ya 15,000 uliochapishwa 2014 ulikuta kasoro ni chache zaidi kwa wanawake wa miaka 26 hadi 30, na kufikia 40 zaidi ya nusu ya viinitete huwa nazo. Na kwa sababu sikuwa na moyo wa kuingia tena chumba kile cha wiki ya tisa. Kupungua kwa hatari ya mimba kutoka ndiko tulikokuwa tunakununua, na tulikubaliana hivyo mimi na mume wangu kwa maneno kabla ya kulipa. Mwenye miaka 29 ambaye hajawahi kupoteza mimba ananunua kitu kingine, na huenda hakipo dukani.

Mayai 11 yalitolewa. Yaliyokomaa yalikuwa 8, yakarutubishwa kwa kudungwa mbegu moja moja, yakashika 6. Siku ya tano na ya sita vilibaki viinitete 4. Jiandaeni kwa kupungua huku, simu za maabara huumiza sana kama hukuelezwa kwamba ni kawaida.

Mtaalamu wa viinitete, dada mdogo mwenye subira ya ajabu, aliniruhusu kutazama video ya uchotaji. Kiinitete kinaonekana kama duara angavu, kishada cha seli kimejibana upande mmoja. Bomba jembamba la kioo linakishika kisizunguke, na kishada kinageuzwa kielekee huko, mbali na mahali pa kukata. Miale ya leza inapasua ganda. Bomba la pili, jembamba zaidi, linanyonya seli chache za ukingoni, zinavutika, leza inazikata, na kiinitete kizima kinanywea. Nilishtuka. Dada akanigusa bega: "Usiogope, vyote hunywea. Kikiyeyushwa kitajaa tena." Seli zile ziliwekwa kwenye kijichupa chenye namba, zikasafirishwa maabara ya nje ya nchi. Huko vinasaba vyake hunakiliwa mara nyingi sana, kwani seli tano hazina vya kutosha kusomwa, kisha mashine hupima kila kromosomu imetokea kwa wingi kiasi gani. Viinitete vyenyewe hubaki Nairobi kwenye naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Uchotaji, usafirishaji na usomaji wa viinitete vinne uliongeza zaidi ya laki mbili, na kuhifadhi kunalipiwa kila mwaka. Ombeni bei yote kwa maandishi, ikiwemo ya kuyeyusha na kuwekewa, maana karatasi ya kwanza mara nyingi huishia kwenye kipimo.

Kabla ya uchotaji kulikuwa na fomu. Mstari mmoja ulisema viinitete visivyo vya kawaida vitaharibiwa. Nikauliza, vile vyenye mchanganyiko vimo humo? Karani hakujua. Tukasubiri mpaka mtaalamu akaitwa, na ndiyo, vilihesabiwa humo. Tulikata mstari ule kwa kalamu, tukaandika kwamba hakuna kitakachoharibiwa kabla hatujasoma ripoti na kuongea na mshauri wa vinasaba, tukatia saini sote. Tuliandika pia kwamba jinsia isitajwe, kwani ripoti huionyesha na hatukutaka kuijua kwa njia hiyo.

Ripoti ilikuja. Viwili vilikuwa na kasoro kamili. Kimoja kawaida. Cha nne mchanganyiko, kromosomu ya 3 ikiwa imezidi kwa kiwango cha asilimia 30 hivi.

Mchanganyiko maana yake ni kwamba katika seli zilizochotwa baadhi zinaonekana kuwa sawa na nyingine zina kasoro. Ni sawa na kuonja wali pembeni mwa sufuria: umepata habari ya pale ulipochota, na katikati huenda kuko tofauti. Tena seli hizo ni za kondo la baadaye, kishada cha mtoto hakikuguswa. Na wakati mwingine kinachoonekana kama mchanganyiko ni makosa ya kunakili vinasaba maabara tu. Mwaka 2015 Ermanno Greco na wenzake wa Roma waliripoti kwamba waliwawekea wanawake 18 viinitete vya namna hii, kwa sababu hawakuwa na vingine, na watoto sita wenye afya wakazaliwa. Hapo kabla vilikuwa vikitupwa. Mwaka 2021 utafiti mwingine wa Italia uliviweka viinitete vya kawaida na vyenye mchanganyiko wa kiwango cha chini na cha kati bila kuvibagua, na watoto waliozaliwa hawakutofautiana kwa idadi.

Tulianza na cha kawaida. Niliwekewa, nikasubiri, damu ikapimwa, haikuwa mimba. Sikuwa nimejiandaa kwa hilo, kwa sababu moyoni nilikuwa nimeligeuza neno "kawaida" kuwa ahadi. Kiinitete chenye kromosomu timilifu bado hushindwa, tena mara nyingi. Yai lina mambo mengine mengi ndani yake, na mji wa mimba una yake.

Siku chache baadaye, nikiwa na macho mekundu, kliniki ilipendekeza tuanze mzunguko mpya wenye "vipimo vya kisasa zaidi". Kile cha mchanganyiko hakikutajwa kabisa. Vipimo vilivyokuwa kwenye karatasi ni viwili, na nimejifunza habari zake kwa kusoma usiku baada ya usiku.

Cha kwanza kilikuwa cha kupima wingi wa vinasaba vya mitokondria, yaani vile viwanda vidogo vya nishati ndani ya seli. Mwaka 2015 utafiti ulidai kwamba kiinitete chenye vinasaba hivyo vingi kupita kiasi hakishiki, na kipimo kikaanza kuuzwa haraka. Mwaka 2017 kundi jingine liliporekebisha namna ya kuhesabu, lilikuta viinitete vyote vina kiwango kinacholingana, viwe vya mama mdogo au mkubwa, vilivyoshika au visivyoshika.

Cha pili kilikuwa cha kusoma vinasaba vinavyodondokea kwenye majimaji ya kukuzia, bila kukigusa kiinitete. Hiki nakitazama kwa matumaini ya kweli, kwa sababu hakikati chochote. Ila utafiti mkubwa wa 2020, wa viinitete 1,301 kutoka vituo vinane, ulikuta majibu yake yanakubaliana na ya kuchota seli kwa asilimia 78 hivi. Yaani kwa viinitete vitano, kimoja hivi kinapewa majibu tofauti. Na majimaji hayo yanaweza kuwa na vinasaba vya mama kutoka kwenye seli zinazolizunguka yai, tatizo lile lile la chombo cha mimba iliyotoka.

Orodha ya viashiria vilivyotangulia ni ndefu. Kuna waliopima protini ya HLA-G kwenye majimaji. Kuna waliopima jeni kwenye seli zinazolizunguka yai. Henry Leese wa York alitoa mwaka 2002 wazo ninalolipenda, kwamba kiinitete chenye afya ni kitulivu, hakihangaiki kula na kutoa, na kwamba tunaweza kukitambua kwa kupima asidi amino kinazotumia. Kuna kampuni zilizomulika majimaji kwa mwanga wa infraredi, na majaribio ya mwaka 2012 hayakuona faida yoyote. Hata kamera za kurekodi kiinitete saa zote, ambazo si za molekuli lakini huuzwa kwenye karatasi hiyo hiyo ya bei, zilipimwa katika jaribio kubwa lililochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2024, na watoto waliozaliwa hawakuongezeka. Sayansi nyuma ya mambo haya ni ya kweli na watafiti ni watu waaminifu. Kinachonikera ni haraka ya kukiuza kiashiria kwa mwanamke aliyefiwa kabla hakijapita jaribio.

Tuliomba faili letu lote: ripoti kamili yenye michoro ya kila kromosomu, picha, na alama. Ni haki yako, usikubali muhtasari wa ukurasa mmoja. Tukampelekea mshauri wa vinasaba wa kliniki nyingine kwa njia ya video, kwa bei isiyofika hata sehemu ya kumi ya mzunguko mpya. Alitazama mchoro wa kromosomu ya 3 kwa muda, akatuuliza maswali, akasema kwa kiwango kile angekiweka kabla ya kufikiria sindano nyingine. Alitutajia hatari bila kuficha, na akatuambia kwamba mimba ikishika tufanye kipimo cha maji ya uzazi kuanzia wiki ya 16, kwa sababu PGT-A, hata ikisema kawaida, haichukui nafasi ya vipimo vya mimba.

Ilishika. Niliogopa kila siku mpaka wiki ya 16, na sindano ile ya tumboni niliiogopa zaidi, kwa kuwa ina hatari yake ndogo ya kuharibu mimba. Majibu yalikuwa mazuri. Binti yetu sasa anatembea kwa kushika viti, alhamdulillahi, na mama mkwe hamwachii mtu.

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia. Ana miaka 31, mirija yake imeziba kwa maambukizi ya zamani, akiba ya mayai ni nzuri, hajawahi kupoteza mimba. Kwenye karatasi yake ya bei PGT-A imeshaandikwa kama sehemu ya mzunguko. Nimemwambia aombe iondolewe. Pesa hizo aziweke kwa ajili ya kuwekewa kiinitete cha pili kama cha kwanza hakitashika. Lakini kwao mumewe, Kilifi, kuna watoto wawili wenye selimundu, na upande wetu shangazi alikuwa mbebaji. Nimemtaka yeye na mumewe wapime damu kwanza, kabla ya sindano yoyote. Wakitoka wote wabebaji, ushauri wangu unabadilika: watahitaji PGT-M, kipimo ambacho huandaliwa kwa ajili ya familia husika kabla ya mayai kutolewa, na hilo linachukua muda. Wanakwenda maabara Jumatatu.